Vitunguu Vimefika Wapi

Jaspal alifariki mwezi uliopita, na binti yake akanipigia simu kuniomba maneno mawili matatu ya kusomwa siku ya kuuchoma mwili wa baba yake, kama ilivyo desturi ya Makalasinga. Alitaka kitu kifupi, kitamu, cha kuwafanya watu watabasamu kidogo kabla ya kulia. Nikamwandikia habari ya moto wa kuni, nyama ya paa, na wazee wenye vilemba wakilamba vidole katika bustani ya Stanmore, London. Aliisoma vizuri, na watu wakatabasamu kweli. Mimi nilikaa nyuma na kitambaa changu kichwani, nimekasirika, kwa sababu nilichoandika hakikuwa uongo lakini kilikuwa nusu. Mwaka ule niliokaa na baba yake Jaspal nilisema uongo kila Jumamosi, na Jaspal ndiye niliyekuwa namdanganya. Sasa nimestaafu, nakaa Woolwich, magoti yananiuma na sina wa kumwogopa. Acha niseme yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasomea unesi, na chumba nilichopanga kilikuwa kinavuja mpaka godoro likaota ukungu. Mama mmoja wa Kitanzania niliyekuwa nasali naye akaniambia kuna mzee wa Kihindi huko Stanmore, mgane, anatafuta binti wa kukaa naye: kumfulia, kumpikia, kumsindikiza dukani. Chumba bure na mshahara kidogo juu yake, sharti tu binti ajue Kiswahili. Nilicheka. Sharti gani hilo katika London hii? Nikapanda treni mpaka kituo cha mwisho, nikabonyeza kengele, akafungua Kalasinga mrefu mwenye ndevu nyeupe na sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba, binti. Wa wapi wewe?" Nikasema Tabora. "Tabora gani?" Nikasema Cheyo. Loo! Alijipiga paja, akanivuta ndani na mkoba wangu. Alikuwa fundi wa injini za treni pale Tabora miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na hakuna alichokisahau. Aliniuliza kama ule mti mbele ya stesheni bado upo, kama asali bado inauzwa kwenye madebe, kama watu wa Urambo bado wanalima tumbaku. "Mimi Mnyamwezi mwenye kilemba," akasema. Jina lake Mzee Gurdial. Kazi nikaipata bila hata kuulizwa kama najua kupika.

Chumba changu kilikuwa juu, kidogo, kimejaa harufu ya bizari nzima iliyokuwa imeingia hata kwenye mapazia. Dirisha lilitazama bustanini, na kule mwisho, karibu na kibanda cha zana, niliona matofali matatu meusi yaliyopangwa pembetatu na juu yake karai la chuma lililofunikwa bati. Sikuwa nimewahi kuona karai kubwa namna ile. Lilikuwa chuma cha kumimina, zito, mtoto wa miaka mitano angeweza kukaa ndani na kuoga. Ilinichukua wiki mbili kujua kwamba nyumba nzima ile, na maisha ya yule mzee, vilikuwa vinalizunguka karai hilo. Ilinichukua siku tisa tu kujua jambo lingine. Nilikuwa nimesimama jikoni karibu na jiko, nimetundika koti langu nyuma ya mlango. Mzee akaingia, akageukia mlango, akaliambia koti langu kwa heshima zote, "Sesilia, umerudi? Chai ipo." Akasubiri. Akanyoosha mkono, akagusa mkono mtupu wa koti, kisha akakaa kwenye kiti polepole. Nikasema, "Mzee, niko huku." Akasema, "Nimejua sasa." Huo ndio ulikuwa mwanzo.

Aliniambia mwenyewe baada ya chai. Katikati ya macho yake hapakuwa na kitu tena, pembeni tu ndiko kulikobaki. Akimtazama mtu aliona masikio na mabega, uso haupo. Aliweza kutembea, kupanda ngazi, kupokea wageni, kushika gazeti na kugeuza kurasa, hata kuvuka barabara kwa kusikiliza magari, na hakuna aliyekuwa amemshtukia. Daktari alishamwambia haitibiki. Karatasi ya daktari ilikuwa chini ya sanduku la vilemba. "Na mwanao?" nikauliza. Akasema, "Jaspal akijua, mimi nimekwisha." Nilidhani anakuza mambo, wazee wana tabia hiyo. Jumamosi ile nikajionea. Jaspal alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, suti ya kijivu, anafanya kazi ya bima katika moja ya yale majengo marefu ya Croydon. Aliingia, akanisalimia kwa adabu kwa Kiingereza, kisha akaanza kuzunguka nyumba: anafungua friji, ananusa maziwa, anagusa jiko kama lina moto, anahesabu vidonge. Baadaye nikiwa nakunja nguo ukumbini nilimsikia kwenye simu, sauti chini, akimwambia mtu kwamba nafasi ipo, kwamba makao yale ya wazee ni mazuri na wana bustani, kwamba nyumba itauzwa ikifika majira ya baridi, kwamba baba yake ni mkaidi. Nilisimama na shuka la Mzee mikononi nikiona uchungu kama vile wananiuza mimi.

Mwezi wa tatu wakagombana, mimi nikiwa nawawekea chapati mezani. Jaspal alisema hayo ya makao wazi wazi. Mzee hakupandisha sauti. Akamuuliza kama anakumbuka karai la Oktoba. Nani asingelikumbuka? Kila mwaka, majani yakishaanza kuanguka, wazee waliotoka Afrika Mashariki, Makalasinga wa Nairobi, wa Moshi, wa Tabora, walikuja katika bustani ile, watu arobaini hivi, na Mzee Gurdial aliwapikia nyama ya porini kwa kuni, nje, kama walivyopika wao enzi za ujana, walipokuwa wakienda kuwinda katika pori la Ugalla. Karai la nje ni kazi ya mwanamume, na ni la mtu mmoja. Wake zao walipika vya ndani na hawakuligusa. Mwenye karai akimpa mwingine mwiko, ina maana amestaafu, na wote wanajua. "Basi," Mzee akasema, "nikipika mwaka huu, watu arobaini, nisiunguze, mtaniacha nyumbani kwangu mpaka nife. Nikiunguza, nitafunga sanduku langu mwenyewe." Jaspal akasema sawa. Wakapeana mikono juu ya sahani za dengu, na mimi kijiko kikaniponyoka.

Alipoondoka nikamgeukia Mzee. "Wewe! Utapikaje na wewe huoni?" Akasema, "Utakuwa macho yangu." Nikamwambia mimi ni mwanamke, sisimami kwenye karai lenu. Akasema nitasimama pembeni kama mtumishi wa kupeleka kuni na maji, na nitasema ninachoona kwa Kiswahili, sauti ya chini. Wale wazee walikaa mbali, chini ya turubai karibu na nyumba, na ilikuwa desturi yao kwamba mtu hasogelei karai mpaka aitwe. Hao ndio tuliowaogopa, maana wote walijua Kiswahili kuliko hata mimi. Nikauliza, "Na Jaspal je? Yeye atakuja kuchochea moto." Mzee akacheka. "Jaspal? Huyo hajui hata neno maji. Kazaliwa hospitali ya hapa hapa. Mimi na marehemu mama yake tukitaka kusema jambo watoto wasisikie, tunasema Kiswahili. Miaka yote hiyo!" Kila Mswahili wa London amewahi kufanya kosa hilo, kumsema mtu kwenye basi kwa raha zake akiamini yuko peke yake na lugha yake. Nami nililifanya. Nilikubali siku ile ile, na sitasingizia wema peke yake. Nilimpenda yule mzee, ndiyo, lakini pia nilikipenda chumba changu kikavu.

Tukaanza mazoezi. Kila Jumapili, mvua isiponyesha, tuliwasha moto mdogo na karai dogo la nyumbani, na Mzungu mmoja wa Kent aliyekuwa rafiki yake wa zamani, Bwana Pita, mwenye bunduki na kibali chake, alituletea njiwa pori na sungura wamefungwa kwenye gazeti. Jambo lililonishangaza ni kwamba vitu karibu vyote Mzee hakuvihitaji macho. Kuni alizijua kwa kuzipiga moja kwa nyingine, akatenga mbichi na kavu. Samli aliisikia inapoanza kunung'unika. Nyama ikitoa maji aliijua kwa mlio, na maji yakikauka samli ikabaki peke yake aliijua vilevile, akasema "sasa" nami nikachungulia na kweli ilikuwa sasa. Alikuwa ananiringia kabisa. Shida ilikuwa vitunguu. Kwa nyama ya porini ambayo haina mafuta, vitunguu ndivyo mchuzi, na vinataka kukaangwa mpaka karibu viungue, lakini visiungue. Nikamwambia anuse. Akasema ndani ya nyumba angenusa, ila nje upepo unaichukua harufu na moshi unaziba pua, ukija kunusa uchungu umeshaingia na huwezi kuutoa hata ukimwaga sukari. Kati ya kuiva na kuungua, kwa karai lile kubwa, ni pumzi kumi tu.

Basi ikabidi tutafute namna ya kusema rangi. Nilianza na maneno yangu, "vimekuwa kahawia, Mzee," naye akakasirika. "Kahawia ipi? Kahawia ni mia!" Tukagombana Jumapili tatu, tukala njiwa wachungu. Mwishowe tukaafikiana kwa vitu tulivyovijua sote wawili. Kwanza maziwa. Kisha karanga, zile za kukaanga. Kisha asali, na hapo alitaka asali ya Tabora, siyo hii ya maji inayouzwa huku. Kisha tumbaku, jani lililokauka la Urambo. Tumbaku ndipo nyanya zinapoingia na kuvizuia. Baada ya tumbaku ni mkaa, na mkaa ni sanduku na makao ya wazee. Tulifanya hivyo miezi mitano. Yeye anageuza mwiko wa chuma, uso kaupeleka kwenye uzio wa jirani, anauliza, "Vimefika wapi?" Mimi nasema, "Karanga." Tena, "Vimefika wapi?" "Karanga bado." "Vimefika wapi?" "Asali, Mzee, asali." Jumapili nyingine Jaspal alipita kutuona, akakaa kwenye kiti cha plastiki na gazeti lake, na sisi tukaendelea mbele yake bila hofu, asali, tumbaku, huku tukijisifu moyoni kwamba sisi ni wajanja wa dunia.

Mwezi wa saba mambo yakaharibika. Nilikuwa nimechelewa kutoka wodini, na Mzee, kiburi kimemjaa, akawasha moto peke yake. Niliingia kwa mlango wa nyuma nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa amemimina samli akidhani karai liko mbele yake kumbe amelikosa, ikaenda kwenye makaa, moto ukaruka ukamlamba mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Nilimkokota mpaka bombani, nikaumwagia maji mkono ule muda mrefu. Ngozi ilikuwa imevimba na kuchubuka. Nilimwambia tunakwenda hospitali na tunamwambia Jaspal, mchezo umekwisha, mimi sitaki kuua mtu. Akaniambia, "Ukimwambia, ndiyo utakuwa umeniua." Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto wa watu? Nikamfunga mkono mwenyewe, vizuri, kama nilivyofundishwa. Jumamosi Jaspal akaona bendeji. Akauliza kwa Kiingereza kumetokea nini. Mzee, bila hata kugeuka, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwambie umenimwagia chai." Nami nikamwangalia Jaspal machoni, nikasema nilimmwagia baba yake chai ya moto, kwamba niliteleza, kwamba nasikitika sana. Uso wa Jaspal ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akasema, polepole, kwamba nikifanya uzembe mwingine wa namna hiyo nitaondoka siku hiyo hiyo na atakiandikia chuo changu. Nilijibu ndiyo, nimeelewa. Mzee alikuwa anakunywa maji, na hakusema kitu. Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikalia kwa aibu. Miezi mitatu baadaye ndipo nilipoelewa wekundu ule ulikuwa wa nini.

Tangu siku ile sikupata usingizi mzuri. Kila nikisikia sufuria inagonga nilishuka ngazi mbio. Wodini nilikosea mpaka sista akaniuliza kama nina ugonjwa. Mzee naye alibadilika, utani ukamwisha, akawa ananifanyisha mazoezi kama askari, hata mezani ananiuliza rangi ya chai, rangi ya mkate. Nilianza kumchukia kidogo, na nilijichukia kwa kumchukia. Oktoba ikaja. Bwana Pita akaleta paa wawili wakubwa kwenye buti ya gari, wamechunwa, wamefungwa shuka nyeupe, na Mzee akawakata mwenyewe kwa kupapasa viungo, kisu kinajua njia. Tukailaza nyama kwenye mtindi, tangawizi na kitunguu saumu. Nilimenya vitunguu gunia zima mpaka macho yakavimba. "Unalia?" akaniuliza. Nikamwambia ni vitunguu. Kweli vilikuwa vitunguu, lakini si vitunguu peke yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya baridi kavu na upepo wa kubadilikabadilika. Wazee wakaja na makoti yao mazito, wakakaa chini ya turubai na vinywaji vyao, wakaanza kusimuliana mambo ya Afrika kwa kelele. Mzee Gurdial alivaa kilemba cha rangi ya machungwa nilichomsaidia kukaza. Aliliendea karai kwa hatua alizozihesabu, kumi na tisa kutoka mlangoni, na mtu yeyote angedhani anaona kila jani. Moto ulikuwa mzuri, mwaloni mkavu. Akamimina samli, mimi nikimgusa kiwiko kidogo tu kumwonyesha ukingo, akatupa bizari na mdalasini, akasikiliza, akaagiza vitunguu. Nilivimwaga beseni baada ya beseni, mvuke ukapanda ukatufunika. "Vimefika wapi?" akanong'ona. "Maziwa," nikasema. Na hapo hapo nikamwona Jaspal anakuja juu ya majani, mikono mifukoni.

Alisimama karibu nami. Akasema kwa Kiingereza kwamba wake za wageni wamezidiwa na chapati jikoni, niende nikawasaidie, yeye atakaa na baba yake. Nikasema hapana, niko sawa hapa, kuni zinahitaji mtu. Akasema yeye ana mikono. Nikasema moshi utamharibia koti. Akavua koti, akalitundika kwenye uzio. Nikamtazama Mzee aniokoe. Shavu lake lilikuwa linacheza. Angesema nini? Angesema anamhitaji msichana wa kufua nguo asimame kwenye karai badala ya mwanawe? "Nenda, Sesilia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Nilikwenda. Wallahi ile bustani ilikuwa ndefu. Jikoni wakanipa mti wa kusukumia, nikasimama dirishani, nikasukuma chapati ya kwanza mpaka ikatoboka. Niliona migongo miwili na mvuke. Nilihesabu pumzi. Nilijua kwamba sasa ni karanga, sasa inakuwa asali, na yule mtoto wa bima hatajua, atasimama pale na mikono mifukoni akimwangalia baba yake anaunguza nyumba yake mwenyewe. Kisha akili yangu ikaenda kule mwezi wa saba, nikaona moto unaruka. Nikaacha unga, nikachukua jagi la maji, nikatoka mbio huku mama mmoja akinipigia kelele kwamba chapati inaungua.

Nilifika nyuma ya kibanda cha zana na hapo nikasimama, kwa sababu nilisikia sauti. Ilikuwa ya Jaspal, na hakuwa anasema Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili cha mtoto, kilichovunjika, cha mtu anayejua maneno lakini hajawahi kuyatia mdomoni; baba tu ndiye aliyemwita kwa Kipunjabi, Papaji. "Asali, Papaji. Bado asali. Hii upande ya kulia iko karanga, geuza." Mwiko ukakwaruza chuma. Nilichungulia. Mzee Gurdial alikuwa amesimama wima kabisa, machozi yanashuka kwenye ndevu, mkono unageuza. Hakumuuliza mwanawe amejuaje, wala tangu lini. Aliuliza tu kilichotakiwa kuulizwa wakati ule, na sauti ilimkatika katikati: "Vimefika wapi?" "Asali nyeusi," Jaspal akasema. "Ngoja. Ngoja kidogo. Sasa. Tumbaku." Nyanya zikaingia, karai likapiga kelele kubwa, na wazee kule kwenye turubai wakapiga makofi bila kujua walichokuwa wanakipigia. Jaspal akageuka akaniona na jagi langu. "Wewe," akaniambia kwa Kiswahili kile kile, "rudi chapati."

Nilirudi jikoni. Kwa hiyo alijua. Alijua habari ya asali na tumbaku, alijua ya koti langu pengine, na ya chai alijua kwa masikio yake, tena nikimtazama machoni. Hata hivyo moyo wangu uliruka kwa furaha, maana tulikuwa tumeshinda. Alikuja kumsaidia baba yake kushika nyumba yake, nani angefikiri vingine? Nyama iliiva, ikashuka, harufu yake nitakufa nayo. Tukaipeleka kwenye meza ndefu. Wale wazee walikuwa na desturi yao kwamba kabla mtu hajamega chapati, mkubwa kuliko wote anauliza kwa sauti, "Nani kapika?" na mwenye karai anajibu kwa jina lake, wote wanapaza sauti, ndipo wanakula. Mwaka ule mkubwa wao alikuwa mzee wa Moshi mwenye fimbo. Akasimama. "Nani kapika?" Mzee Gurdial akafungua mdomo, akaufunga. Jaspal, haraka, kwa sauti kubwa, akasema, "Papaji kapika. Peke yake, kama kila mwaka." Akaweka mkono begani kwa baba yake. Wazee wakaanza kushangilia, na Mzee akainua mkono wake wa kovu kuwazuia. "Hapana," akasema. "Huyu mwanangu msimwache aseme uongo. Macho yalikuwa yake. Mimi sioni. Ni mwaka wa pili sasa, sioni." Kisha akapapasa meza, akaupata mwiko, akaunyoosha kuelekea alikodhani Jaspal yupo. Jaspal aliuchukua. Watu arobaini walikula bila kusema neno mpaka karibu sahani ziishe.

Hakupelekwa kwenye makao yale. Jaspal alilifuta wazo hilo siku ile ile, akasema baba atakaa naye, ghorofa ya tano, Croydon, chumba cha kulala kimoja na kochi. Lakini nyumba iliondoka, na bustani, na moto. Mzee alihesabu kwamba ameshindwa, kwa kuwa hakupika peke yake, akafunga sanduku lake mwenyewe kama alivyoahidi. Kuhusu mimi, Jaspal hakunifukuza. Alinitafutia chumba karibu na chuo na akanibebea mizigo. Kwenye gari aliniambia kwa Kiingereza kwamba mtoto anayefichwa mambo kwa lugha fulani atajifunza lugha hiyo kabla ya nyingine zote. Lakini kabla ya kuhama, tangu ile meza, nilikuwa na kinyongo, na wiki tatu nzima nilimpikia Mzee, nikamfulia, nikamjibu ndiyo na hapana tu.

Asubuhi ya mwisho alikaa kwenye kiti pekee kilichobaki sebuleni, kofia ya sufu juu ya kilemba, sanduku miguuni. "Umeninunia, Sesilia," akasema. Nikasema sijanuna. "Umenuna. Hata hatua zako zimenuna." Basi nikapasuka. Nikamwambia, "Mwanao amekusemea uongo mara moja, sentensi moja, ukamkatalia mbele ya watu wote. Ukaona bora upoteze nyumba kuliko yeye aonekane mwongo. Mimi nimesema uongo mwaka mzima, Mzee. Nimesema chai nimemwaga mimi. Nikatishiwa chuo, na wewe umekaa hapo unakunywa maji. Mimi sina wa kunikataza?" Mikono yake ilikuwa inazunguka juu ya magoti kama inatafuta kitu cha kushika. Alipojibu hakujitetea, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo.

"Wewe nilikuwa nakulipa," akasema. "Nilidhani inatosha."

"Haikutosha," nikamwambia, na nikalia. Nililia kwa sauti, maana nilitaka asikie.